Ramani ya mtaa wetu tuichore wenyewe

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Masika iliyopita, mvua usiku kucha, jirani yangu kashikwa na uchungu, tukaita bajaji, dereva kafuata ramani ya kwenye simu ikampeleka mpaka kwenye kivuko cha mtaro ambacho kilishaanguka zamani, akageuza akaanza kuzunguka, karibu nusu saa mama wa watu yuko kibarazani anauma kanga. Alijifungua salama, Mungu mkubwa. Lakini mtaa mzima tulijua kivuko hakipo! Kwenye grupu la WhatsApp ilishasemwa sana tu, kesho yake ujumbe ukazama chini ya salamu na picha za harusi.

Wengi intaneti tunaijua kwa kusoma na kuposti, ila kuna huduma ambazo mtumiaji unaingia na kurekebisha mwenyewe kilichomo. Wikipedia iko hivyo, na upande wa ramani ipo OpenStreetMap, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Unafungua akaunti bure, unachora njia, mtaro, zahanati, unasevu, mwenzako wa Mwanza au Ujerumani akikuta umekosea anasahihisha, na kila badiliko linabaki kwenye historia na jina la akaunti, kwa hiyo mtu akiharibu inarudishwa ilivyokuwa.

Na si mambo ya mbali. Tandale ilichorwa hivyo 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi, halafu 2015 watu wa mradi wa kuchora ramani uitwao Ramani Huria wakaingia kwenye kata za Dar zinazokumbwa na mafuriko, wakatembea na wenyeji uchochoro kwa uchochoro, maana picha ya setilaiti inakuonyesha mabati tu, haikwambii mtaro umeziba wala mwaka jana maji yalifika kiunoni.

Mimi kanifundisha kijana wa steshenari jioni moja. Nimefuta kile kivuko, nimeongeza njia ya nyuma ya msikiti ambayo bajaji inapita hata mvua ikinyesha, na yule dereva nimemwekea Organic Maps, programu ya simu inayochota ramani humo humo OpenStreetMap, ukishadownlodi ramani inafanya kazi hata bila bando.

Nawaomba wenyeviti wa mitaa, kabla ya mvua zijazo kila mtaa utoe hata vijana wawili wafundishwe hii kitu. Sisi upande wa bondeni bado hatujaumaliza, Jumamosi tunautembea na mjumbe maana ndo anajua vivuko vyote.

Mkazi wa Kinondoni, Dar es Salaam