Naliomba jina lako

Shoga yangu Fatu,

Salamu nyingi, na kwa mama pia. Najua nimekunyamazia tangu Idi. Nuna kwanza, halafu usome.

Nimejifungua, wa kike! Alikuja Jumatatu alfajiri, leo Alhamisi na bado hana jina. Mimi nataka aitwe Fatuma, awe somo yako. Wifi yangu, unamjua alivyo, anasema Fatuma ni jina la kizee. Eti bora Fatma, au Faatima, na anavyolivuta utadhani karudi Madina jana. Nikamwambia wifi, yote hayo ni Fatima wa Kiarabu, binti wa Mtume. Wengine wamelibana likawa Fatma, na Waturuki husema hivyo hivyo, sisi tumelitilia u tukaona linateleza mdomoni. Na Fatou Bensouda wa Gambia, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa ile mahakama ya The Hague mpaka 2021? Fatou ni lilo hilo limekatwa mkia, kama lako. Akanijibu uji unaungua.

Baba mtoto yeye anaogopa lakabu. Kanikumbusha Bi Kidude: jina lake Fatuma binti Baraka, lakini alipofariki 2013 watu walimlilia Kidude. Basi mwanangu akija kuimba vile, hata wamwite Kijiko.

Kinachonichekesha ni asili yake. Kwa Kiarabu jina hilo limetoka kwenye kuachisha ziwa. Huyu? Hajaachia titi tangu azaliwe! Nakuandikia kwa mkono mmoja, samahani kwa mwandiko.

Lakini hilo la kizee limenikaa, shoga. Nimekumbuka kidato cha pili, ulivyokuwa Fetty, na mtu akikuita Fatuma huitiki. Hata mwalimu wa zamu ulimnyamazia, tukafagia uwanja wote wawili, mimi kosa langu kucheka. Nikajiuliza, huenda nampa mtoto mzigo ambao wewe mwenyewe uli... basi, niambie wewe.

Ulikuwa unalionea aibu kweli, au yalikuwa mambo ya shule tu? Fetty ulimwacha lini, na kwa nini ukarudia Fatu? Aliyekupa jina ni bibi yako? Nawe ungependa kuwa na somo, au nikuombe radhi tu tuyaache? Akika ni Jumapili. Utakuja?

Wako,
Mama asiye na jina la kuitiwa bado