Mwanangu, katuni haikuwa rasimu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima. Mdogo wako anakusalimu sana, ila tangu ulipomwambia kwenye simu kwamba katuni za zamani hazina maana tena, kwa kuwa siku hizi kuna matoleo yenye watu na wanyama halisi, amegoma kuziangalia. Kwa hiyo barua hii ni yako, na yeye nitamsomea.

Sikukatazi kuyapenda matoleo mapya. Ninachokataa ni hilo wazo kwamba katuni ilikuwa rasimu, ikakaa miaka yote hiyo ikingoja teknolojia ije kuimalizia.

Chukua The Lion King. Ya 1994 ilichorwa kwa mkono. Ya 2019, aliyoiongoza Jon Favreau, watu wanaisifu kwa uhalisia wake, kumbe hakuna simba hata mmoja aliyepita mbele ya kamera. Ukiacha picha moja ya jua likichomoza mwanzoni kabisa, filamu nzima ilitengenezwa kwenye kompyuta. Maana yake hiyo nayo ni katuni, ila ni katuni isiyotaka kujulikana kuwa ni katuni, na hapo ndipo inapojinyima. Mwigizaji James Earl Jones alitoa sauti ya Mufasa, baba yake mtoto wa simba anayeitwa Simba, katika zote mbili, kwa hiyo hatuwezi kusema tofauti ni sauti ya baba. Tazama pale mtoto anapomkuta baba yake amelala chini baada ya nyumbu kupita. Katika ile ya kuchorwa, nyusi za Simba zinapanda, masikio yanaanguka, machozi yanajaa machoni, halafu anajipenyeza chini ya mkono wa baba yake na kujilaza pale. Hahitaji kusema neno. Katika ile mpya manyoya yamekaa vizuri mno, vumbi ni vumbi kweli. Lakini uso wa simba wa porini haukuumbwa uonyeshe huzuni kwa namna tunayoisoma sisi. Hana nyusi za kukunja wala hatoi machozi kwa ajili ya huzuni. Basi sauti inaomboleza, uso umetulia tu. Waliofanya kazi ile ni mafundi hodari, sina shaka nao hata kidogo, lakini waliombwa wamfiche mwigizaji nyuma ya mnyama.

Mchoraji hafungwi na mnyama. Glen Keane alipombuni Beast, yule mwanamfalme aliyegeuzwa mnyama katika Beauty and the Beast ya 1991, alichukua kichwa cha nyati, manyoya ya shingoni ya simba, paji la uso la gorila, meno ya nguruwe mwitu, mwili wa dubu, miguu na mkia wa mbwa mwitu. Kiumbe cha namna hiyo hakipo popote duniani. Macho, lakini, akamwachia ya binadamu, na ndiyo maana tunamhurumia hata anapofoka. Filamu ile ikawa katuni ya kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, bega kwa bega na filamu za waigizaji. Hakuna kilichopungua pale hata mtu aseme ingengoja miaka 26, hadi toleo la 2017, ipate watu wa nyama na damu.

Utaniuliza, sasa kwa nini wanazirudia? Pesa, mwanangu. The Lion King mpya iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Jina limeshajulikana, na aliyeipenda filamu akiwa mdogo leo ndiye anayelipa tiketi ya mwanawe. Sioni ubaya mtu kuuza kumbukumbu, ila ni vizuri ujue unachouziwa. Na jina peke yake halitoshi: mwaka 2025 Lilo & Stitch ilivuka dola bilioni 1, lakini Snow White, ambayo asili yake ya 1937 ndiyo iliyofungua njia ya filamu ndefu za katuni za Disney, mwaka huohuo ilisuasua. Tena angalia kitu kimoja. Stitch mpya, yule kiumbe kutoka anga za mbali, amewekewa manyoya ya kushikika, lakini macho makubwa na masikio yale ni ya mchoro uleule, na sauti ni ya Chris Sanders aliyembuni. Toothless, yule joka wa How to Train Your Dragon ya 2025, naye hakubadilishwa uso, maana Dean DeBlois aliyekuwa mmoja wa waongozaji wa ile ya 2010 ndiye aliyeongoza na hii. Kwa maoni yangu, viumbe hawa wawili wanapendwa kwa sababu waliachwa wabaki katuni katikati ya watu.

Na kuna jambo ambalo matoleo mapya yamelifanya, nami nalishukuru kwa moyo wote. Kionjo cha The Little Mermaid kilipotoka 2022, kikamwonyesha Halle Bailey, mwigizaji mweusi, akiwa nguva Ariel, wazazi wengi waliwarekodi mabinti zao weusi wakimwona kwa mara ya kwanza. Wale watoto walivyoruka, walivyogeuka kuwatazama mama zao! Huyo ni mwigizaji aliyeleta kitu ambacho mchoro wa 1989 haukuwa nacho. Kurudia hadithi kwa sababu kuna mtu hakuwahi kuingizwa ndani yake, hiyo sababu naielewa.

Sasa nakuomba hivi. Ukija likizo, kaa na mdogo wako, umwekee ile sehemu ya Simba na baba yake, kwanza ya 2019, kisha ya 1994. Zote mbili zima sauti kabisa. Usimweleze chochote, wala usimwonyeshe uso wako. Mwulize tu wanyama wale wanahisi nini, halafu uniambie alichojibu kwa kila moja.

Mama yako anayekupenda