Springi zimeongezwa, tairi ni lile lile

Pikapu ikianza kulala nyuma, wenye magari wengi hukimbilia kwa fundi springi. Gari linanyanyuka, linapendeza, na mzigo nao unaongezwa. Haupiti muda matairi ya nyuma yana vipara pembeni, au moja limepasuka kwenye mteremko wa Kitonga na nyanya zimemwagika. Springi kazi yake ni kuzuia bodi isiikalie ekseli. Uzito wote bado unatua kwenye matairi, na springi haiyapunguzii hata kilo.

Uwezo wa tairi umeandikwa ubavuni. Baada ya saizi utaona namba na herufi, mfano 104Q. Namba 82 maana yake tairi hilo linabeba kilo 475. 88 ni 560. 97 ni 730. 104 ni 900. 106 ni 950. 112 ni 1,120. Ukikuta 106/104, ya kwanza ni kwa tairi moja kila upande, ya pili ni kwa matairi yanayofungwa mawili mawili. Herufi ni mwendo: Q ni kilomita 160 kwa saa.

Sasa piga hesabu. Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu yako ina kilo 800 gari likiwa tupu, nawe unapakia tani moja, mifuko 20 ya saruji, juu ya ekseli hiyo. Jumla ni kilo 1,800. Matairi mawili ya 104 yamefika mwisho kabisa. Mawili ya 97 yanabeba 1,460 tu, yaani umezidisha kilo 340 kabla hujagonga shimo hata moja. Na kama ni viazi vya lumbesa, gunia linalohesabiwa kilo 100 huwa na 120 au zaidi, kwa hiyo hesabu ya idadi ya magunia inakudanganya. Gari la chini ya tani 3.5 halilazimiki kupita mizani ya barabarani, ndiyo maana wengi hawajui wanabeba nini.

Probox nayo ina yake. Toleo la mizigo lilitengenezwa kubeba kilo 400 na watu wawili. Kama yako ina matairi ya 88, ukiyavua ukafunga 175/65R14 yenye 82 kwa sababu bei yake ni nzuri, umepunguza kilo 170 kwenye ekseli ya nyuma.

Mzigo unapokaa ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Pikapu nyingi zina karibu mita 3 kati ya ekseli mbili. Kilo 300 za mbao zikikaa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inapokea kilo 400, na ya mbele inapoteza 100. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinakosa kushika, na alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, inahama kwa kuwa pua imeinuka. Vitu vizito sukuma mbele, vigote kwenye kabini.

Upepo ndio unaobeba, mpira ni ganda tu. Tairi la C, yaani la gari la mzigo, la plai 8 (kipimo cha uimara wake) kama 195R14C hufikia uwezo wake kwa upepo wa takriban psi 65. Ukilijaza 35 kwa mazoea ya gari dogo, halifikii hata theluthi mbili ya uwezo huo. Umelipia plai 8 bure. Ubavu unakunjwa na kukunjuka kila mzunguko, joto linapanda, waya na mpira vinaachana. Pasuko la ghafla huanza hivyo. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Njiani kuongezeka psi 4 hadi 6 ni kawaida, usipunguze. Tairi moja likipanda kupita wenzake, mara nyingi lilianza na upepo mdogo. Ukirudi tupu na matairi yakishapoa, shusha hadi kipimo cha kibandiko cha mlangoni, la sivyo kashata (meno ya mpira yanayoshika barabara) ya katikati itaisha peke yake.

Namna ya kuisha inasema mengi. Pembe zote mbili: upepo mdogo au mzigo mkubwa. Kashata za mbele zikiwa na ncha kali ukipitisha kiganja: alaimenti, au tairodi, vyuma vya usukani, zimelegea. Inayoumiza mfuko ni matairi yote mawili ya nyuma kuliwa upande wa ndani kwenye pikapu ya ekseli nzima. Hapo hakuna alaimenti ya kurekebisha, nyumba ya ekseli imepinda kwa uzito. Kubadilisha matairi kabla ya kuinyoosha ni kutupa pesa.

Kwa matairi ya mtumba, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita sisi mafundi wa matairi hatulifungi nyuma kwenye gari la mzigo, hata kashata ikiwa imejaa. Usichanganye namba kwenye ekseli moja pia. Lenye uwezo mdogo ndilo linaloamua, na la akiba lazima lilingane nayo.

Ukija kupimiwa, usishushe mzigo kwanza. Tunataka kuona gari linavyokaa likiwa limebeba, tupime upepo wa kila tairi na kina cha kashata ndani, katikati na nje. Ukiongeza springi, pitia alaimenti kabla ya safari ya kwanza, maana kimo cha gari kimeshabadilika.