Vyuo vya udaktari vipimwe kwa wodi zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Ninafundisha Biolojia hapa Dodoma, na wanafunzi wangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) waliofaulu hunijia na swali lile lile: kati ya vyuo vinavyotoa shahada ya udaktari wa binadamu nchini, kipi ni bora? Wazazi wengi huwa wameshalijibu. Kwao ni Muhimbili, na mtoto aliyekosa nafasi huko huhesabiwa kuwa ameambulia makombo.

Sifa ya Muhimbili ni ya haki, kwani madaktari wamekuwa wakifundishwa pale tangu mwaka 1963. Hata hivyo, umri wa chuo haumwambii mzazi mtoto wake atapata kuwashika wagonjwa wangapi. Masomo haya huchukua miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya vitendo hospitalini, na katika miaka ya mwisho darasa lenyewe ni wodi. Ndiyo maana ningependa tuanze kwa kuuliza hospitali ya kufundishia ni ipi, iko umbali gani na bweni, na wanafunzi wangapi wanagawana kitanda kimoja cha mgonjwa.

Mpwa wangu, ambaye chuo chake sitakitaja, alinisimulia jinsi walivyokuwa wakimzunguka mgonjwa mmoja kwa wingi kiasi kwamba waliosimama nyuma waliona kola za makoti ya wenzao tu. Siku moja mgonjwa alikuwa mama mwenye tatizo la valvu ya moyo. Wanafunzi wanne wa mbele walimpima kwa stetoskopu, mama akachoka, daktari bingwa akawahamishia kitanda kinachofuata. Mngurumo wa moyo wa aina ile mpwa wangu aliusikia kwa mara ya kwanza akiwa tayari daktari mtarajali. Iliniuma sana, maana kijana yule hakuwa mvivu hata kidogo.

Tukivilinganisha kwa kipimo hicho, vyuo vya mikoani havionekani tena kuwa vya makombo. Wanafunzi wa udaktari wa Mwanza husomea Bugando, na wale wa Moshi husomea KCMC, hospitali zinazopokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda ya Ziwa na Kanda ya Kaskazini. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 tu, lakini jirani yake ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambako upandikizaji wa figo ulianza mwaka 2018. Mjini ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Na Mirembe, Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, iko hapa hapa kwetu. Katika vyuo binafsi, suala la ada nalo lazima lipimwe, na kila familia inaujua mfuko wake.

Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) huonyesha sifa za kujiunga na idadi ya nafasi. Naiomba Tume iongeze humo jina la hospitali ya kufundishia ya kila chuo, vitanda vyake, na idadi ya wanafunzi wanaoingia wodini kwa pamoja. Takwimu hizo vyuo vinazo. Ziandikwe mahali ambapo kijana atazisoma kabla dirisha la udahili halijafungwa.

Mwalimu wa Biolojia,
Dodoma