Kabla ya kubadilisha kamera, tuletee picha zilizokushinda

Karibu kila Jumamosi hufika dukani kwetu Kariakoo mtu mwenye mkoba wa kamera begani na swali lililomnyima usingizi: sasa ninunue kamera gani? Mara nyingi ni mpigapicha wa kujifurahisha, mtu mwenye kazi yake nyingine, ambaye miaka mitatu au minne iliyopita alinunua Canon EOS 1300D pamoja na ile lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayokuja ndani ya boksi, akajifunza mwenyewe, akapiga bahari, masoko, watoto na harusi za ndugu, na leo anahisi kamera imembana. Amekwisha kutazama video nyingi mtandaoni, na anataja namba za kamera kama mtu anayetaja wachezaji wa timu yake. Kabla hatujafungua kabati lolote, sisi humwomba atuonyeshe picha zilizomshinda.

Picha nzuri hatuzihitaji, kwa sababu hizo kamera yake ya sasa imekwisha kuziweza. Tunazotaka ni zile alizokusudia zitoke vizuri zikaharibika, hasa za tukio lisilorudiwa. Kila picha ya kidijitali hubeba ndani yake taarifa za namna ilivyopigwa: kasi ya shata (pazia la ndani linalofunguka kuingiza mwanga), ukubwa wa tundu la lenzi (kwa namba za f: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ISO (kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga), na urefu wa lenzi kwa milimita. Taarifa hizo huonekana kwenye kompyuta na hata kwenye kioo cha nyuma cha kamera, na ukizisoma katika picha 20 au 30 zilizoharibika, utaona kosa linajirudia. Hilo linalojirudia ndilo la kulitolea fedha.

Mfano mmoja tunaukumbuka vizuri. Dada mmoja alikuja akitokea Zanzibar, ambako alikuwa amehudhuria tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, na akatuonyesha picha ya mpiga ngoma aliyokuwa ameisubiri usiku mzima. Uso ulisomeka, jasho lilionekana hadi kwenye kidevu, lakini mpiga ngoma alikuwa na mikono minne. “Kaka,” akasema, “nimeambiwa nikichukua fulufremu mambo haya yanakwisha.” Tukafungua taarifa za picha: shata 1/15 ya sekunde, tundu f/5.6, ISO 3200, lenzi milimita 55.

Hesabu yake ni hii. Lenzi ya boksi ikivutwa hadi milimita 55 haiwezi kufungua tundu lake zaidi ya f/5.6, na kwa kuwa mwanga wa jukwaani ni hafifu, kamera hulazimika kuliacha shata wazi kwa muda mrefu, na mikono ya mpiga ngoma haisubiri. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 huingiza mwanga zaidi ya mara 9 kuliko ile ya f/5.6. Kwa ISO ileile na jukwaa lilelile, shata lingetoka 1/15 likafika takriban 1/125 ya sekunde, kasi ambayo mikono mingi ya wapiga ngoma hutulia mbele yake. Sasa tuiangalie ile fulufremu, yaani kamera yenye sensa (sehemu ya ndani inayonasa mwanga) ya milimita 36 kwa 24. Sensa ya 1300D ina milimita 22.3 kwa 14.9, kwa hiyo ile kubwa ina eneo la mara 2.6 hivi, na hiyo ndiyo faida yake ya mwanga ukiifungia lenzi yenye tundu dogo kama ile ya zamani. Mara 2.6 kwa bodi (kamera bila lenzi) ya bei kubwa, mara 9 kwa lenzi ndogo yenye uzito wa gramu 159. Angenunua bodi peke yake, mpiga ngoma angebaki na mikono minne, au angelazimika kupandisha ISO kutafuta kasi iliyobaki, na picha ijae chengachenga. Yule dada aliondoka na Canon EF 50mm f/1.8 STM na kamera yake ileile.

Tunakiri kwamba ushauri wa namna hii si mzuri kwa mauzo ya siku hiyo.

Lenzi ya f/1.8 nayo ina masharti yake. Tundu likifunguliwa hivyo, eneo linaloonekana kali huwa jembamba sana. Ukikosea kidogo, sikio linakuwa kali na jicho linafifia. Hapo ndipo bodi inapoanza kuwa na neno. EOS 1300D ina nukta 9 za fokasi, na ya katikati peke yake ndiyo inayosoma mistari ya wima na ya ulalo kwa pamoja. Mtu akituletea picha 20 za mwanawe akikimbia ufukweni, na katika nyingi kati ya hizo mawimbi ya nyuma ni makali kuliko mtoto, hatumwambii anunue lenzi. Huyo kamera imemshinda kweli. Bodi kama Canon EOS R10 ya mwaka 2022 au R50 ya mwaka 2023 hutambua jicho la mtu, la mnyama na hata la ndege, hulifuata linapohama ndani ya fremu, na hupiga picha nyingi kwa sekunde moja, wakati 1300D hupiga 3 tu. Tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza.

Megapikseli, ambazo ndizo swali la kwanza la wengi, hatuzipi uzito huo. Picha ya 1300D ina pikseli 5184 kwa 3456, ambazo zinatosha kuchapisha ukubwa wa A3 kwa karibu nukta 300 kwa inchi. Ukihamia bodi ya megapikseli 24, upande mrefu unakuwa pikseli 6000, yaani ongezeko la asilimia 16 hivi. Ikiwa picha zako huishia WhatsApp na Instagram, ongezeko hilo hakuna atakayeliona, wewe mwenyewe ukiwemo.

Kwa anayethibitika kwamba anahitaji bodi mpya, swali linalofuata ni lenzi alizonazo nyumbani. Canon na Nikon hawajatoa bodi mpya ya mtindo wa zamani, ile yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye tundu la kutazamia, tangu mwaka 2020. Bodi mpya ni zile zisizo na kioo, na hizo zina mdomo wa lenzi wa aina nyingine. Lenzi za zamani huingia kwa adapta, lakini kuingia na kufanya kazi vizuri ni mambo mawili, na hili tulijifunza kwa aibu.

Alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye hupiga picha za ndege asubuhi kabla jua halijawa kali. Alikuwa na 1300D na lenzi ya Canon EF-S ya milimita 55 hadi 250, akasema anataka kupanda daraja. Tulimuuzia EOS RP, fulufremu ya megapikseli 26, pamoja na adapta, na kila mtu akafurahi. Baada ya wiki mbili akarudi. “Mwanangu, hii kamera kubwa mbona picha zake zimekuwa ndogo?” Tukampa shikamoo ya pili siku hiyo tukiwa tumeinamisha vichwa, kwa sababu jibu tulilijua mara tu tulipoiona lenzi. Lenzi za herufi EF-S zimetengenezwa kwa sensa ndogo. Zikifungwa kwenye RP, kamera hukata kingo za picha yenyewe na kubakiza megapikseli 10 hivi. Mdiria aliyekuwa na pikseli za kutosha kwenye kamera ya zamani sasa, akikuzwa, alionyesha miraba badala ya manyoya. Ukitazama upana wa picha, milimita 250 kwenye sensa ndogo ya Canon ni sawa na milimita 400 kwenye fulufremu, na lenzi ya kweli ya milimita 400 ina bei ambayo mstaafu haitazami mara mbili. Tulimrudishia fedha za ile RP, akachukua R10, na lenzi yake pamoja na adapta ileile vinaendelea kumtumikia. Tangu siku hiyo hatuuzi bodi kabla ya kuona lenzi zote za mteja zimepangwa mezani.

Wenye Nikon wana mtego wao. Bodi za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zao wote wa mifululizo hiyo, hazina mota ya fokasi ndani, na adapta ya FTZ ya kuingilia bodi za Z, zile zisizo na kioo, nayo haina. Lenzi za AF-S, zenye mota yao ndani, zitafokasi zenyewe bila shida kwenye Z50 au Z5, lakini zile za zamani za AF-D utazungusha kwa mkono. Aliye na Sony a6000 ana raha zaidi, kwani mdomo wa lenzi ni uleule hadi kwenye a7 ya fulufremu, ila lenzi za sensa ndogo zitakatwa kingo kama za yule mzee. Kuhusu Canon M50, ambayo huonekana sana kwenye matangazo ya vitu vilivyotumika na bei yake huvutia, tunasema wazi: familia yake ya EF-M imefungwa, na lenzi zake hazina adapta ya kuziingiza kwenye bodi za R zikafanya kazi. Ukiinunua, inunue ukijua kwamba hapo ndipo mwisho wa barabara.

Jambo dogo ambalo wauzaji huliruka ni betri. Bodi isiyo na kioo huwasha skrini au kitazamio muda wote, na hivyo hula umeme zaidi. Kwa kipimo cha watengenezaji, 1300D hupiga picha 500 hivi kwa chaji moja na RP hupiga 250. Anayekwenda Bagamoyo kutwa nzima aweke betri ya pili kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wengi wa wateja wetu hununua bodi zilizotumika, na hatuoni ubaya wowote, mradi uikague mchana kweupe. Mpigapicha wa harusi anayepiga picha 2,000 kila Jumamosi hufikisha takriban 100,000 kwa mwaka, na shata la Canon 5D Mark III, kwa mfano, limekadiriwa kwa mapigo 150,000. Kwa hiyo bodi “iliyotumika mwaka mmoja tu” inaweza kuwa imechoka kuliko iliyokaa kabatini miaka sita. Nikon huandika idadi ya mapigo ndani ya taarifa za picha, lakini bodi nyingi za Canon haziandiki, hivyo inabidi zisomwe kwa programu maalumu, nasi tunayo. Weka tundu f/16, piga mbingu iliyo wazi, kisha kuza picha utafute madoa meusi: madoa machache ni vumbi, hilo fundi husafisha, mikwaruzo kwenye sensa haisafishiki. Tazama pia vishikizo vya mkanda na skrubu za chini. Kutu mahali hapo maana yake kamera imekula chumvi ya bahari, na chumvi ikishaonekana nje, ndani imetangulia.

Lenzi ikaguliwe kwa tochi ya simu. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, utazame kutoka mbele kwa mshazari. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zikitambaa kutoka ukingoni, hiyo ni fangasi, ugonjwa wa lenzi zote za pwani, na ikikaa sana hula hata ile rangi ya zambarau iliyopakwa juu ya kioo, hata baada ya kusafishwa alama isitoke. Tumepokea lenzi za thamani kubwa zilizoharibika zikiwa ndani ya mkoba wa ngozi, zimefungiwa kabatini kwa nia njema kabisa. Dawa yake haina gharama: chombo cha plastiki cha kuhifadhia chakula, chenye mfuniko wa mpira usiopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vinavyobadilishwa vinapolowa. Kikipatikana kile kipimo kidogo cha unyevu, kiwekwe humohumo, na unyevu ubaki kati ya asilimia 40 na 50.

Ukija, basi, njoo na mambo matatu: memori kadi au simu yenye picha zilizokushinda, bila kuzihariri wala kuzipitisha WhatsApp, kwa sababu WhatsApp hufuta taarifa zake; lenzi zako zote, hata ile ambayo hujaigusa tangu uinunue; na kiasi ulichonacho kwa kweli, ili tusipoteze muda wako kwenye rafu zisizokuhusu. Kukaa na wewe kuzisoma picha hatutozi chochote. Tukiona kwamba tatizo ni lenzi, tunakukodisha ya aina hiyo kwa siku mbili kwa amana, na ukiamua kuinunua, ada ya kukodi hukatwa kwenye bei. Jumamosi mchana foleni ni ndefu na mafundi hawana nafasi ya kuzungumza. Jumanne hadi Alhamisi asubuhi utatukuta tumetulia, na meza ya kupangia lenzi iko tupu.