Usifunge Karakana: Barua Kutoka Cairo

Mdogo wangu mpenzi,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wapelekee Baba na Mama shikamoo zangu, uwaambie mimi ni mzima, masomo yanakwenda vizuri na baridi imeshapungua. Barua yako imenifika. Pale unaposema umeamua kufunga karakana ukakae zawiyani, kwenye nyumba ya dhikiri, uache randa na msumeno ushike tasbihi peke yake, niliona nisikupigie simu. Kwenye simu tungebishana tu. Nimekaa nikuandikie habari za mtu wa huku Misri, maana hilo lililokufika wewe lilimfika yeye zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Ni Ahmad Ibn Ata Allah wa Iskandaria. Watu humtaja kwa uwalii wake, wakasahau kwamba alikuwa faqihi, yaani mwanachuoni wa sheria, wa madhehebu ya Maliki, na babu yake alikuwa faqihi vilevile. Babu huyo aliwapinga masufi, watu wa njia ya kusafisha moyo, waziwazi, na mjukuu akakulia katika msimamo huo: elimu ni hii iliyomo vitabuni, na hao wengine wanadai mambo ambayo sheria haiyajui. Siku moja akajibizana na mfuasi wa Sheikh Abu al-Abbas al-Mursi, yule mzaliwa wa Andalusia aliyeshika nafasi ya Imam Shadhili, mwasisi wa tarika ya Shadhiliyya. Ubishi ukamkereketa, akaona bora aende akamsikilize mwenyewe. Hiyo ilikuwa mwaka 1276. Akamkuta anasomesha juu ya Uislamu, imani na ihsani (kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona), na yote aliyokuja nayo kifuani yakamtoka. Hakumwacha tena hadi sheikh alipofariki mwaka 1287. Na huyo sheikh alikuwa akisema kwamba maudhi ya babu waliyavumilia kwa ajili ya mjukuu huyu. Mimi hapo hunisisimka mwili.

Sasa tuje kwenye lako. Ibn Ata Allah anasimulia kwamba aliingia kwa sheikh wake akiwa na wazo moyoni: mtu aliyezama katika elimu ya dhahiri, yaani ya sheria, na kuchanganyika na watu, atamfikia Mungu saa ngapi? Hakulitamka. Sheikh akaanza mwenyewe kumsimulia habari za mtu mmoja wa Misri ya Juu, yaani ya kusini, mwalimu na naibu wa kadhi, aliyeonja kidogo ladha ya njia hii kisha akauliza: je, niache niliyonayo nikufuate wewe? Al-Mursi akamjibu kuwa sivyo, bali akae palepale Mungu alipomweka, na fungu lake litamfikia hapohapo. Ibn Ata Allah anasema alitoka mle wazo lile limemwondoka kama nguo aliyoivua.

Na kweli hakuacha. Alihamia Cairo, akasomesha sheria na tasawwuf, elimu ya masufi, kwa pamoja, Azhar na kwingineko. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Taqi al-Din al-Subki, mmoja wa vigogo wa madhehebu yetu ya Shafii. Alipotofautiana na Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Damascus, juu ya masufi, alikwenda na kundi la watu hadi Ngomeni, makao ya watawala, kupeleka malalamiko kwao. Akafariki mwaka 1309 katika madrasa ya Mansuriyya, akazikwa kwenye makaburi ya Qarafa, chini ya mlima Muqattam.

Ukifungua Hikam, kitabu chake cha hekima fupifupi, utalikuta jambo lako katika hekima ya pili kabisa. Anasema kwamba ukitamani kujitenga na kazi ilhali Mungu amekuweka katika kazi, hayo ni matamanio ya nafsi yaliyojificha. Na yule ambaye Mungu amemtenga na kazi, akitamani kuzirudia, ameshuka kutoka kwenye hima ya juu, yaani nia tukufu. Soma sehemu zote mbili. Hakusema zawiya ni mbaya wala soko ni bora. Anakutaka utazame umewekwa wapi. Wewe una ufundi mikononi, una wateja wanaokuamini, una wazee wawili wanaokula kwa jasho lako. Huko ndiko ulikowekwa, na hakuna aliyekuondoa isipokuwa hamu yako.

Unasema moyo wako hautulii, kwamba hata ukishika tasbihi unawaza mbao na madeni. Hapa tunasoma Hikam baada ya Alasiri, tumekaa juu ya zulia kuuzunguka mguu wa nguzo. Tulipofika kwenye hekima inayohusu hilo, sheikh wetu aliweka kidole juu ya mstari, akanyamaza kitambo, kisha akaurudia. Inasema usiiache dhikiri kwa sababu moyo wako haupo, kwani kughafilika ukiwa huna dhikiri kabisa ni kubaya kuliko kughafilika ndani yake. Huenda Mungu akakuinua kutoka dhikiri yenye mghafala hadi yenye kuamka, kisha yenye moyo kuhudhuria, hadi ile ambayo hukumbuki kingine ila Yeye anayetajwa. Basi dhikiri yako hiyohiyo yenye mbao ndani yake, endelea nayo.

Kitabu chake kingine, al-Tanwir, kinahusu kuacha kujipangia mbele ya Mungu. Wapo wanaokichukua kama ruhusa ya kukaa bure, na mimi naona wanamdhulumu. Humo humo anaeleza adabu za mtu anayetoka kwenda sokoni: amkabidhi Mungu watu wake, aende kwa utulivu, amtaje Mola wake akiwa katikati ya biashara. Anachokataza ni ule wasiwasi wa kudhani riziki imo mikononi mwako. Na Imam Shadhili mwenyewe alivaa nguo nzuri; wafuasi wake hawakutambulika kwa viraka. Waulize Wangazija, tarika yake ya Shadhiliyya wanayo hadi leo.

Naomba basi: Alhamisi usiku nenda zawiyani, ukae na masheikh mpaka utosheke. Ijumaa baada ya Swala fungua karakana. Ile meza ya Bibi Mwalimu uliyoniambia imebaki miguu, imalize umpelekee, kwa kuwa alishakulipa. Halafu uniandikie umeamuaje, na usifiche kitu.

Nisalimie watoto wote, na Mama umwambie kanzu aliyonitumia imenikaa vizuri.

Ni mimi kaka yako akupendaye