Kwa somo yangu, kabla hujashuka majini

Bagamoyo

Somo yangu mpenzi,

Barua yako nimeipata. Sisi huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua lakini kanisani anafika. Anakusalimu sana.

Swali lako nimelilalia siku tatu. Unasema nabii wa huko unakosali sasa amekuambia yale maji ya utotoni hayakuwa ubatizo, na kwamba ukizamishwa upya vifungo vitakatika na kazi utapata, ila kwanza uandae sadaka ya laki mbili.

Kuhusu kuzamishwa, hajakosea yote. Neno lenyewe la Kigiriki maana yake ni kuchovya, kuzamisha, na Paulo katika Warumi sura ya 6 anasema tulizikwa pamoja na Kristo kwa ubatizo. Anayezikwa hufukiwa mwili mzima. Lakini Wakristo wa mwanzo hawakuipima neema kwa ndoo. Andiko lao la kale, Didake, linaagiza kubatiza katika maji yatiririkayo. Yakikosekana, maji mengine. Na yote yakiwa haba, mtu amiminiwe kichwani mara tatu kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ndivyo tulivyofanyiwa mimi nawe, Jumapili moja, kwa jina moja. Ndiyo maana nakuita somo. Hata Mlutheri akihamia kwetu Wakatoliki habatizwi tena, maana tunaungama ubatizo mmoja.

Linaloniuma zaidi ni hilo neno nabii. Ngoja nikusimulie Mkesha wa Pasaka wa mwaka huu.

Taa zilizimwa, tukaingia na mishumaa. Padre alipobariki maji alitaja gharika, akataja Bahari ya Shamu na Yordani, kisha akauchovya Mshumaa wa Pasaka ndani ya maji. Mimi nilikuwa msimamizi wa binti mmoja wa jumuiya yetu; mkono wangu ulikuwa begani pake, nikahisi anatetemeka. Baada ya maji mtoto mchanga aliyekuwa mbele yetu akapakwa Krisma, yale mafuta matakatifu, utosini, na maneno yake unayajua: anaunganishwa na Kristo aliye Kuhani, Nabii na Mfalme. Nabii, somo! Mtoto ambaye hata shingo haijakaza.

Kabla ya hayo yote mahubiri yalikuwa mafupi. Padre alisema: usiku huu mtamkataa Shetani na mambo yake yote, je, yule binti anayekufulia na kulea wanao umemlipa? Hakumtazama mtu. Lakini mimi nilikuwa na deni la miezi miwili kwa msichana wangu wa kazi, na nilikuwa nimeshona gauni jipya la Pasaka. Nilisikia sauti ya nabii Nathani akimkemea mfalme Daudi: "Wewe ndiwe mtu huyo." Sikulala. Jumatatu nilimlipa, nikamwomba radhi, akalia, nami nikalia.

Huo ndio unabii ninaoujua. Amosi wa Agano la Kale alisema wazi kwamba yeye si nabii wala mwana wa nabii, ni mchungaji na mtunza mikuyu; akawakemea waliomuuza maskini kwa jozi ya viatu, akataka haki iteremke kama maji. Yohana Mbatizaji naye alisimama mtoni anabatiza, na watu walipomuuliza wafanye nini, aliwaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Hakumtabiria mtu gari. Fungua Biblia yako, 1 Wakorintho 14: pale ambapo wengine wangeandika kutoa unabii, waliotutafsiria Biblia ya Kiswahili ya Union waliandika kuhutubu, kisha Paulo anaeleza kazi yake, kuwajenga watu, kuwafariji na kuwatia moyo.

Na hiyo laki mbili, somo. Labda ni kwa sababu naishi hapa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, waliweka kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wengine watoto walionunuliwa sokoni Unguja. Nikipita chini ya ule mbuyu wa misheni huwa nawawaza. Mtu jana ametajiwa bei, leo anasimama mlangoni pa kanisa na swali la kwanza la ibada ni jina lake. Sasa wewe, mwenye jina tangu utotoni, unapangiwa bei ya kuingia majini.

Najua mwaka wa pili huu huna kazi. Najua pia kwamba huko walikulilia ulipofiwa, wakati mimi nilituma salamu tu. Hilo ni kosa langu na nakuomba unisamehe. Sikuambii uwakimbie waliokufariji.

Ila kabla ya hiyo Jumamosi ya kuzamishwa kwako njoo kwangu, hata siku moja. Mama anasema mshumaa wako wa ubatizo bado uko sandukuni mwake, umefungwa kwenye kanga, alikutunzia mlipohama. Nauli nitakutumia kesho asubuhi.

Ni mimi somo wako